Pipa la Maji Moto Nyuma ya Jiko

Nyinyi mametroni wadogo mmenisumbua vya kutosha. Kila mkinipigia simu ni "Mama, andika, Mama, andika," utadhani nilikuwa waziri. Haya, nimeketi. Nimestaafu juzi tu na mwili bado haujapata habari. Alfajiri naamka nikipapasa kiuno natafuta funguo za bweni. Vyeo sitavitaja kwa sababu sikupewa hata kimoja. Niliingia metroni nikatoka metroni. Mshahara nao tuuache ulale, usije ukaamka ukatuchekesha.

Nilianza kazi miaka ya tisini ikiwa bado mibichi. Kabla ya hapo nilikuwa Kaplong nikifua mashuka ya hospitali, na huko ndiko nilikojifunza godoro. Mtu akisikia hivyo hucheka, lakini metroni asiyejua godoro ni kama mkamaji anayeogopa ng'ombe. Nikasikia kuna shule ya msingi ya bweni ya Waislamu, ya wavulana, upande wa Kedowa, na kwamba wanatafuta metroni. Mimi ni Mkipsigis na mtoto wa kanisa tangu tumboni. Mchungaji wetu aliposikia ninakokwenda alishika tama. "Mama Chebet," akasema, "watakufunika mpaka macho." Hakuna aliyenifunika. Nilipewa funguo, aproni na beseni. Kitambaa cha kichwa nilikuwa nacho changu mwenyewe.

Lakini kushtuka nilishtuka. Siku ya kwanza tu, saa ya chakula cha mchana, nilimwona mwalimu mkuu amekaa chini kwenye mkeka na watoto wa darasa la nne, wanakula ugali na maharagwe kutoka sinia moja. Mwalimu mkuu! Kwetu mwalimu mkuu alikuwa anaogopwa hata na mbwa wake. Nikadhani labda siku hiyo viti vimepelekwa kwa fundi. Walipomaliza, akaondoka na lile sinia mwenyewe, akaenda mferejini, akaliosha. Nilisimama na mwiko mkononi kama sanamu.

"Funga mdomo, mama, nzi itaingia," akaniambia arap Langat, mzee aliyekuwa akitupasulia kuni. "Mimi nilikaa mdomo wazi mwaka mzima. Hii watu iko na maneno yao."

Mwalimu mkuu huyo aliitwa Idi, na kila mtu alimwita Ustadhi. Alikuwa Mnubi wa Kericho mjini, mrefu, mwembamba, na koti moja la sufu lililokwisha viwiko. Alifundisha dini na hesabu, na msikitini yeye ndiye aliyekuwa imamu wa kuswalisha. Aliamini kwamba tabia ya mtoto haiandikwi ubaoni. Inatoka msikitini, inatoka kwenye sinia la pamoja, na inatoka kwenye maji baridi. Hilo la tatu lilikuwa sheria: maji moto ni ya wagonjwa peke yao. Nyinyi mliozoea hita hamuwezi kuelewa. Januari kule juu, mashamba ya chai huamka yamekuwa meupe kwa umande, na maji ya mfereji alfajiri yanauma kama siafu. Watoto walitawadha wakilia kimoyomoyo, halafu wakaenda kuswali. Nilimwambia Ustadhi huu ni ukatili. Akacheka, akasema yeye alilelewa hivyohivyo na yuko hai. Nikamwambia hata mimi nililelewa bila viatu na bado nanunua viatu.

Basi, mshtuko ulionivunja miguu kabisa ni ule wa jioni ya mwisho kabla ya Ramadhani. Desturi yao ni kwamba hawaingii kwenye mfungo na kinyongo. Wanapanga mstari kutoka mlango wa msikiti mpaka jikoni, walimu, wanafunzi, wapishi, wote, halafu mmoja mmoja anapita akimshika kila mtu mkono na kusema, "Nisamehe nilipokukosea." Unajibu, "Nimekusamehe," naye anasonga kwa wa pili. Anayetangulia ni mwalimu mkuu. Mara ya kwanza nilimwona Ustadhi akimshika arap Langat mkono na kumwomba msamaha, na mzee wa watu akaangusha shoka. Kisha akaniomba mimi. Nikajibu, "Kwa lipi tena?" Akasema, "Kwa lile ninalolijua na nisilolijua." Woi! Kwetu mzee akimkosea mtoto haombi msamaha. Baba yangu akinipiga bure, jioni aliniletea hindi la kuchoma, na hapo kesi ilikuwa imekwisha. Nilirudi chumbani nikakaa kitandani nusu saa bila kuvua aproni.

Miaka ikapita nikazoea, au nilidhani nimezoea. Ndipo akaja Yasini.

Yasini alikuwa darasa la sita. Baba yake alitoka upande wa Mumias, alikuwa akichuma chai kwenye shamba moja kubwa karibu na Mogogosiek, na mtoto alisomeshwa bure kwa msaada wa msikiti wa mjini. Akipoteza nafasi ile hapakuwa na shule nyingine ya kumpokea; angerudi kwa baba yake kubeba kikapu. Alikuwa mtoto mkimya, mwenye hesabu nzuri, na alikuwa akikojoa kitandani.

Hapa niwafundishe kazi kidogo. Mtoto wa namna hiyo humjui kwa kuuliza. Unamjua kwa godoro lililogeuzwa kila siku, na kwa mtu anayekunja shuka lake kwa haraka kupita wenzake. Usimfokee, na usimpunguzie chai mbele ya watu, maana katika nchi ya chai mtoto anayekatazwa chai ya jioni amekwisha tangazwa redioni. Nilimwita pembeni. Akalia mpaka akapata kwikwi, akaniapisha nisimwambie mtu. Nikaapa. Nikawa naanika godoro lake nyuma ya jiko, kwenye joto, pamoja na magunia, nikimwambia kila anayeuliza kwamba nafukuza kunguni.

Tatizo lilikuwa swala. Mtoto aliyelowa mkojo hawezi kuswali mpaka ajisafishe na kubadili nguo. Yasini alikuwa anaona haya kuoga mferejini wenzake wakiwa pale, kwa hiyo alingoja watoke wote, akajimwagia yale maji ya barafu peke yake, na alipofika msikitini swala ya alfajiri ilikuwa imemalizika. Nilijaribu kumpenyezea jagi la maji moto. Akakataa. "Mama, wataona moshi yake," aliniambia. Alikuwa na maana ya mvuke, na alisema kweli, kwenye ile baridi mvuke unaonekana kutoka ng'ambo ya uwanja.

Asubuhi moja, wiki chache kabla ya Ramadhani, Ustadhi alichoka na huo uchelewaji. Akamtoa Yasini mbele ya paredi. "Mbona huonekani alfajiri?" Mtoto akanyamaza. "Unaumwa?" Kimya. "Huwezi kuamka?" Kimya. Ndipo Ustadhi, mtu mpole kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi, akapandwa na hasira akasema, "Mchana uko mstari wa mbele, alfajiri huonekani. Huu ni unafiki! Wewe ni mnafiki!" Akampa adhabu ya kupanga viatu mlangoni mwa msikiti wiki nzima, kazi ya aibu kuliko zote, maana kwetu viatu ni gambuti zenye tope mpaka magotini.

Kwa Mwislamu, mimi nilikuja kujua, neno hilo ni zito sana. Watoto walilidaka palepale. Wa kwanza alikuwa Swaleh, kiranja mkuu wa darasa la nane, mvulana msafi, mwenye sauti ya kuadhini inayokutoa machozi hata kama wewe ni wa kanisa. Yeye ndiye aliyekuwa akiamka kabla ya wote, akaadhini, akapiga kengele. Alipopita Yasini, Swaleh akasema, "Pisheni, Mnafiki anapita," na kuanzia hapo jina la Yasini likafa. Hata kwenye sinia: "Mnafiki, sogeza sukumawiki." Niliwakemea mpaka nikapoteza sauti. Jina la utani ni kama mafuta ya taa, likimwagika kwenye nguo utafua wewe, nguo itachakaa, harufu ipo.

Ikafika jioni ya kusameheana. Mstari ukapangwa, nami nimo, karibu na mlango wa jiko. Ustadhi akaanza kupita. Nisamehe, nimekusamehe, nisamehe, nimekusamehe. Akafika kwa Yasini, akamshika mkono. "Nisamehe nilipokukosea."

Mtoto akainua uso. "Sijakusamehe, Ustadhi," akasema. "Uliniita mnafiki."

Haki ya Mungu, nilisikia damu ikishuka kutoka kichwani mpaka kwenye soli. Mtoto wa darasa la sita! Wa kusomeshwa bure! Nilitaka kurukia katikati niseme mtoto ana homa. Ustadhi alikuwa bado ameushika ule mkono. Kisha akasema, "Una haki yako," akaenda kwa wa pili.

Saa ya swala ilipofika, Swaleh akakimu, safu zikanyooka, na mahali pa imamu pakawa wazi. Niliyaona hayo kutoka barazani kwa jiko, mlango wa msikiti ukiwa wazi. Ustadhi alikuwa amesimama nyuma kabisa, kwenye viatu. Akamwambia mwalimu mwingine aswalishe. "Mimi siwezi kusimama mbele ya mtu anayenidai," alisema. Watoto waligeuka wote kumtazama, na walipotakiwa kutazama mbele hawakuweza.

Kesho yake mbele ya paredi akasema, "Nilimwita Yasini mnafiki. Sikujua lililo moyoni mwake, na wala si kazi yangu kulijua. Nilikosa." Mimi nikapumua, nikasema sasa yameisha. Jioni akamfuata mtoto pale karibu na tanki la maji, nami nikichota.

"Je, sasa?"

"Wewe umeacha kuniita," Yasini akamjibu akitazama chini. "Lakini wao bado wananiita."

Ustadhi akatikisa kichwa taratibu. "Kweli," akasema. "Nililiwasha mimi."

Kuanzia siku ile akajipa adhabu aliyompa Yasini. Kila swala, mwalimu mkuu mzima alichuchumaa mlangoni na kitambaa, akafuta gambuti za watoto, akazipanga mbili mbili, kisha akaswali palepale nyuma kwenye harufu ya soksi. Swaleh na wenzake hawakujua waweke wapi nyuso zao, lakini jina hawakuliacha. Waliliita kwa kunong'ona. Mimi nikaona haiwezekani. Nikaenda ofisini. "Ustadhi, kuna jambo nalijua kuhusu mtoto huyu."

"Amekwambia yeye?"

"Ndiyo. Lakini niliapa."

"Basi usiniambie."

"Nikikwambia yote yanaisha leo!"

"Mama Chebet," akasema, "nilimvunjia heshima kwa kusema nisilolijua. Sasa unataka nijenge heshima yake kwa kuvunja kiapo chako?" Nikatoka nje. Nikamwambia arap Langat kwamba huyu mtu ama ni mtakatifu ama ni mgonjwa. Arap Langat akasema hata yeye alikuwa akijiuliza hivyo.

Habari hazikai kwenye mfuko uliotoboka. Mwenyekiti wa kamati ya shule, Hajji mmoja mfanyabiashara wa Kericho, alifika na gari lake akipiga honi kutoka barabarani. Alimkuta Ustadhi ameshika gambuti. Nilidhani Hajji ataanguka.

"Hii ni aibu gani?" akafoka. "Mtoto tunamlisha bure, anamtia imamu wetu kwenye viatu? La kuvunda halina ubani! Mfukuze!"

"Nikimfukuza, deni linakwenda naye," Ustadhi akasema.

"Basi mlazimishe akusamehe!"

"Msamaha wa kulazimishwa si msamaha, Hajji. Ni unyang'anyi."

Hajji akatazama juu, akatazama chini, akanitazama mimi kana kwamba ndimi niliyepika mambo hayo. "Ijumaa nakuja kuswali hapa," akasema. "Nikikukuta bado kwenye viatu, mtoto huyo atapanda gari langu mpaka kwa baba yake. Na kamati itaniunga mkono." Yasini alisikia. Alikuwa amesimama kwenye kona ya bweni, na sikumwona akilia. Hilo liliniumiza zaidi.

Sasa nisikilizeni vizuri. Wakati wa Ramadhani tuliamka mapema kupika daku, chakula cha kabla ya adhana ya alfajiri. Wenzake walipokuwa wanakula, Yasini alikuwa mferejini. Mtoto alikuwa anafunga bila daku! Nilimwekea mabumunda kwenye leso, nayo mara nyingine nikayakuta hayajaguswa kwa sababu adhana ilimkuta bado anaoga. Siku mbili kabla ya Ijumaa, Ustadhi alitangulia kuja kufuta viatu wengine wakiwa bado kwenye daku. Nilikuwa mlangoni mwa jiko nikimwaga maji ya mchele. Yasini akatokea gizani kutoka mferejini, nywele zinatiririka, meno yanagongana, shuka lililolowa limebanwa kwapani. Akamkuta Ustadhi uso kwa uso.

Nilishika mdomo kwa mikono miwili. Nikasema, sasa ataulizwa.

Ustadhi alilitazama lile shuka. Alimtazama mtoto anavyotetemeka. Halafu akainama, akachukua gambuti nyingine, akaendelea kufuta kana kwamba hakuona mtu. Yasini akapita. Mtoto alipokwisha ingia bwenini, Ustadhi akaweka gambuti chini na kujifunika uso kwa kile kitambaa cha matope.

Baadaye akaja jikoni, uso una tope, mimi sikuthubutu kumwambia. "Mama, lile pipa la maji moto lina kazi gani alfajiri?"

"La kuoshea masufuria."

"Masufuria yangoje. Kesho liweke nyuma ya jiko, nyuma ya kuni, pasipo na taa. Weka na sabuni. Anayetaka kuoga aoge, asiulizwe jina. Nawe ugeuze mgongo."

"Na sheria ya maji baridi?"

"Nimeifuta," akasema. Kisha akanigeukia tena. "Ningeambiwa mara ngapi kwamba nimekosea, Mama? Uliniambia tangu mwanzo, nikacheka."

Jioni hiyo, wakati wa futari, alitangaza tu kwamba maji moto ya kuoga yatakuwa nyuma ya jiko alfajiri, kwa yeyote anayesikia baridi. Watoto wakatazamana. Mimi nikajisemea, pipa zima kwa mtoto mmoja, kuni zote hizo! Alfajiri iliyofuata nikamwambia arap Langat alichochee vizuri, nikageuza mgongo, nikaendelea kukoroga uji.

Nikasikia hatua. Huyo ni Yasini, nikasema. Nikasikia nyingine. Kisha nyingine. Kopo likagonga pipa, likagonga tena, likagonga tena, na maji yakawa yanamwagika bila kukoma. Arap Langat, ambaye hakuna aliyemwambia ageuze mgongo, alinijia macho yamemtoka. "Mama," akanong'ona, "hiyo si mtoto moja. Hiyo ni paredi!"

Miaka yote hiyo mimi, fundi wa magodoro wa Kaplong, nilidhani ninaye mmoja! Kumbe walikuwa wamejificha humohumo bwenini, kila mmoja na shuka lake, kila mmoja akidhani yuko peke yake duniani. Na hao hao walikuwa wakimwita mwenzao Mnafiki, ili asiwepo wa kuwatazama wao.

Halafu nikasikia sauti. Hata iwe chini namna gani, sauti ile hufichi, maana ndiyo iliyotuamsha kila siku. "Niachie kidogo," ilisema. Ilikuwa ya Swaleh.

Swaleh msafi, Swaleh wa kuamka kabla ya wote! Ndiyo maana aliomba kazi ya adhana. Ndiyo maana hakuna aliyewahi kuona kitanda chake kibichi.

Nyuma ya kuni kopo likaacha kugonga. Nikangoja Yasini aseme lile neno, maana lilikuwa haki yake sasa kulisema, na kila mtu pale angelisikia. Nami, Mungu anisamehe, nilitaka aliseme.

"Chukua," Yasini akasema. "Bado ni moto."

Kopo likagonga pipa. Kisha Swaleh akasema kitu ambacho sikukisikia vizuri kwa sababu ya kulia kwake, na Yasini akamjibu, "Haya, nimekusamehe. Harakisha, wewe ndio wa adhana."

Walipokwenda msikitini nilitoka barazani, uji ukaungua, ukaungua tu. Ustadhi alikuwa amechuchumaa mahali pake na kitambaa. Yasini alikuja na wenzake kwa wakati kwa mara ya kwanza, nywele zake zikitoa mvuke kwenye baridi kama zao wote. Akavua gambuti zake, akazipanga mwenyewe. Kisha akamnyang'anya Ustadhi kile kitambaa mkononi.

"Ustadhi, nimekusamehe," akasema. "Nenda mbele, tutachelewa."

Ustadhi alijaribu kusimama, miguu imekufa ganzi kwa kuchuchumaa. Swaleh akamshika mkono mmoja, Yasini mwingine, wakamfikisha mbele. Alfajiri ile aliswalisha kwa sauti iliyokatikakatika, na mimi wa kanisa nililia barazani na mwiko mkononi.

Ijumaa Hajji alikuja, akamkuta imamu mahali pake. Akanifuata jikoni kwa hasira ya mtu aliyejiandaa kugombana na hakupata wa kugombana naye. "Nani alimlazimisha yule mtoto?"

"Maji moto, Hajji," nikamjibu. Aliondoka akisema wanawake wa Kipsigis wana majibu ya ajabu.

Pipa lile lilitoboka, tukanunua jingine, nalo likatoboka. Shule ilipata umeme, ikapata hita, na pipa likabaki palepale nyuma ya kuni. Kila metroni mpya niliyemfundisha, hata nyinyi mnakumbuka, siku ya kwanza sikumwonyesha bweni wala stoo. Nilimpeleka nyuma ya jiko, nikamwonyesha jinsi ya kuchochea moto, nikamwekea sabuni mkononi. Kisha nikamwambia ageuze mgongo.